Nikeli ya Kabanga: mwamba uliotoa salfa ndio unaopotosha vipimo

Kila nikeli ya Kabanga inapotajwa magazetini, habari huwa ni za betri, magari ya umeme na mabilioni ya dola. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini hayamwelezi msomaji kwa nini metali hiyo imekusanyika kwa wingi Ngara, kwa nini watafutaji walihitaji zaidi ya miongo minne kulijua vizuri eneo ambalo tayari lilikuwa limegunduliwa, wala kwa nini mgodi ukianza kazi utalazimika kulinda mabaki yake kwa uangalifu kuliko migodi mingi ya dhahabu. Maswali hayo matatu yana jibu moja, nalo ni salfa. Nikeli yenyewe si adimu katika miamba mizito inayotoka chini ya gamba la dunia. Kilicho adimu ni salfa ya kutosha, iliyofika kwa wakati unaofaa, ya kuikusanya mahali pamoja.

Kabanga iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, karibu sana na mpaka wa Burundi. Miamba yake ni sehemu ya ukanda ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole, unaotandaa kutoka kusini magharibi mwa Uganda hadi Rwanda, Burundi na Kagera. Ukanda huu ndio wenye bati la Kyerwa na tantalamu ya Rwanda, ingawa madini hayo yaliletwa na miamba ya itale iliyokuja mamia ya mamilioni ya miaka baadaye, na hayahusiani na nikeli kwa asili. Hapo mwanzo sehemu kubwa ya ukanda ilikuwa tope na mchanga uliotua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Baadhi ya tope hilo lilikuwa jeusi, lenye mabaki ya viumbe vidogo na salfa nyingi. Lilipozikwa, kukandamizwa na kupashwa joto, kaboni yake iligeuka kuwa kinywe, yaani grafaiti, salfa yake ikashikana na chuma, na tope lenyewe likawa shisti, mwamba geu unaopasuka kwa matabaka membamba. Shisti hiyo nyeusi ndiyo ya kuitazama katika maelezo yote yanayofuata, maana itarudi tena na tena, mara ikiwa mfadhili, mara ikiwa adui.

Takriban miaka milioni 1,375 iliyopita, gamba la dunia katika eneo hilo lilivutwa na kupasuka, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kutoka chini ikajipenyeza katikati ya matabaka. Mipenyo hiyo ya magma, iliyoganda chini ya ardhi bila kufika juu, imejipanga katika mstari wenye urefu wa takriban kilomita 350, unaofuata ukingo wa gamba kongwe la katikati ya Tanzania. Kabanga na Musongati, huko Burundi, ndizo zilizoupa mstari huo jina, na kusini zaidi uko Kapalagulu, kando ya Ziwa Tanganyika. Mipenyo ni mingi, na karibu yote ina nikeli kwa kiasi fulani. Hata hivyo, ni Kabanga pekee ambako imethibitika kuwapo salfaidi ya nikeli, yaani metali iliyoshikana na salfa, kwa wingi na kwa kiwango kikubwa namna hii. Nikeli ya Musongati ambayo huzungumzwa sana Burundi ni ya aina nyingine kabisa: imekusanywa karibu na uso wa ardhi na mvua na joto la kitropiki, yaliyoozesha mwamba kwa mamilioni ya miaka na kuacha udongo mwekundu wenye metali. Kuziweka pamoja kwenye ramani moja ya "nikeli ya Maziwa Makuu", kama inavyofanyika mara nyingi, huficha tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu namna ya kuzitafuta, kuzichimba na kuzisafisha hazifanani hata kidogo.

Magma iliyojenga mipenyo hii ilikuwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, ikiwa na magnesiamu na chuma kwa wingi na nikeli kidogo. Magma ya namna hiyo ikiachwa ipoe yenyewe, sehemu kubwa ya nikeli yake huingia ndani ya fuwele za kijani za olivini, ambazo ni miongoni mwa madini yanayotangulia kuganda. Nikeli iliyofungwa humo haina faida kwa mchimbaji, kwani ni sehemu mbili au tatu tu katika elfu, na gharama ya kuitoa ndani ya fuwele hizo hupita thamani yake. Mamia ya mipenyo duniani iliishia hivyo.

Hali hubadilika magma inaposhiba salfa. Kwa kawaida magma huweza kuyeyusha salfa kidogo mno, takriban gramu moja kwa kila kilo. Kiasi kikizidi hapo, salfa hujitenga ikiwa imeshikana na chuma na kuwa matone ya kimiminika cha pili kisichochanganyika na cha kwanza, kama mafuta na maji, ila hapa matone ndiyo mazito na ndiyo yanayozama. Nikeli, shaba na kobalti huikimbilia salfaidi hiyo. Kwa uzani ulio sawa, salfaidi hubeba nikeli mara mia kadhaa zaidi ya magma inayoizunguka, na shaba huvutwa kwa nguvu zaidi ya hapo. Matone yakishuka na kukusanyika sakafuni mwa mpenyo, au mahali ambapo mkondo wa magma ulipunguza kasi, huungana na kuwa dimbwi. Dimbwi likipoa, huwa mbale, yaani mwamba wenye metali ya kutosha kuchimbwa.

Swali basi ni salfa hiyo ya ziada ilitoka wapi, kwa kuwa magma haikuja nayo. Jibu limeandikwa katika isotopu. Salfa ina atomu nyepesi na nzito, na uwiano wake katika miamba inayotoka chini ya gamba la dunia haubadiliki sana: wanakemia huupa thamani iliyo karibu na sifuri. Salfaidi za Kabanga zimepimwa na kuonekana kuwa na salfa nzito isiyo ya kawaida, thamani zikianzia takriban 10 na kupita 20 kwa elfu. Salfa kama hiyo hupatikana katika miamba tabaka ya zamani, na shisti nyeusi inayoizunguka Kabanga inayo. Magma ilipojipenyeza iliichoma shisti, ikaimega, ikaiyeyusha kwa sehemu na kunyonya salfa yake. Jambo la namna hii limetokea kwingineko pia: huko Norilsk, Urusi, magma ilipata salfa yake kwenye matabaka ya chumvi na jasi, na huko Voisey's Bay, Kanada, ilikutana na miamba geu yenye salfaidi. Kanuni wanayoshikilia watafutaji wengi wa nikeli leo ni kuuliza kwanza kama magma ilipitia penye salfa, kabla ya kuuliza ilikuwa na nikeli kiasi gani.

Salfa ikizidi nayo huleta hasara yake, na hapa ndipo Kabanga inapofundisha zaidi kuliko vitabu vingi. Nikeli iliyomo katika magma ni ile ile. Ikigawanywa kwa tani nyingi za salfaidi, kila tani hupata kidogo. Ili salfaidi itajirike, ni lazima ioshwe na magma mpya inayopita juu yake, kila wimbi likiacha metali zake. Wanajiolojia hupima jambo hilo kwa uwiano kati ya wingi wa magma na wingi wa salfaidi iliyokutana nayo, na katika Kabanga uwiano huo ulikuwa mdogo. Ndiyo sababu platinamu na paladiamu, metali ambazo Norilsk huziuza kwa faida kubwa, Kabanga ni haba. Kwa maneno mengine, shisti ilikuwa karimu kupita kiasi. Nikeli ilibaki kuwa nzuri, shaba ya wastani, na metali za kundi la platinamu zikabaki alama tu kwenye jedwali la maabara.

Dimbwi lilipoanza kupoa, kilichoganda kwanza kilikuwa fuwele moja yenye chuma, salfa na nikeli kwa pamoja. Joto lilipoendelea kushuka fuwele hiyo haikuweza tena kushikilia mchanganyiko wote, ikajigawa: sehemu kubwa ikawa pirotaiti, yaani salfaidi ya chuma isiyo na thamani, na ndani yake na kandokando yake zikajitenga chembe za pentilandaiti, ambayo ndiyo mbeba nikeli. Shaba ilikwenda katika kalkopiriti yenye rangi ya manjano, na kobalti haikujenga madini yake yenyewe kwa kiasi cha maana bali ilijificha ndani ya pentilandaiti. Theluthi moja hivi ya uzani wa pentilandaiti ni nikeli, hivyo mwamba wenye nikeli asilimia 2 una pentilandaiti asilimia 6 tu au zaidi kidogo. Anayeshika kipande cha mbale ya Kabanga, kizito kuliko jiwe la kawaida na chenye rangi ya kikahawia inayong'aa, kwa kweli ameshika pirotaiti. Nikeli yenyewe haitambuliki kwa urahisi bila hadubini.

Madimbwi hayo hayakubaki yalipolala. Ukanda wote ulikunjwa na kubanwa baadaye, na miamba iliyokuwa imelala ikasimama karibu wima. Salfaidi ni laini kuliko miamba inayoizunguka. Ikibanwa katika joto huteleza na kujipenyeza kwenye nyufa na mipaka ya matabaka. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya salfaidi tupu ya Kabanga imo ndani ya shisti, nje kabisa ya mpenyo ulioizaa. Mtafutaji anayechoronga mwamba wa magma peke yake, kwa kudhani kwamba nikeli haiwezi kuwa nje yake, huikosa. Mabamba ya salfaidi yaliyofahamika yamepewa majina ya Main, MNB, Kima, North na Tembo, yakifuatana kwa mstari wa kusini magharibi hadi kaskazini mashariki, mengine yakishuka mamia ya mita chini bila dalili yoyote ya kuonekana juu.

Kwa kiwango cha wilaya, ugunduzi ulianza kwa njia za kawaida. Kati ya 1976 na 1979, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa liliendesha utafutaji wa kikanda katika sehemu hiyo ya Tanzania, likapata mipenyo yenye nikeli na kuchoronga mashimo ya kwanza. Utafutaji wa namna hiyo hutegemea sampuli za udongo na mchanga wa mito, zinazopimwa metali mbalimbali. Katika miamba ya magma yenye olivini nyingi, nikeli katika udongo huwa juu hata pasipo na salfaidi yoyote, na mtu akichorea ramani nikeli pekee atapata ramani ya miamba, wala si ya mbale. Shaba ndiyo inayomsaidia, kwa kuwa olivini haiihifadhi: mahali ambapo nikeli na shaba zimepanda pamoja pana uwezekano wa salfaidi chini yake. Dalili nyingine iko ndani ya olivini yenyewe. Fuwele zilizoganda baada ya salfaidi kujitenga hukuta nikeli imekwisha kuchukuliwa, zikabaki na upungufu usio wa kawaida, na upungufu huo unaopimika maabara humwambia mjiolojia kwamba nikeli imeibwa na kitu kilicho karibu.

Baada ya hapo kazi ilikabidhiwa kwa vipimo vya kijiofizikia, na hapo ndipo shisti inapogeuka adui. Pirotaiti tupu hupitisha umeme vizuri kuliko karibu madini yote ya kawaida, na ina uzito na mara nyingi usumaku. Ndege au helikopta yenye waya wa duara inaporuka juu ya eneo, hutuma mapigo ya sumaku ardhini; panapokuwa na kipitishi, mkondo wa umeme huzuka humo, nao hutoa sumaku yake dhaifu ambayo kipokezi hurekodi wakati inafifia. Katika maeneo yenye miamba mikavu isiyopitisha umeme, alama yoyote inayojitokeza hustahili kuchorongwa. Lakini Kabanga imezungukwa na shisti yenye kinywe, nacho hupitisha umeme, na yenye pirotaiti yake yenyewe isiyo na nikeli, ambayo hupitisha umeme na kuvuta sumaku. Ramani ya angani hujaa alama nyekundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwamba uliotoa salfa, ambao pasipo huo kusingekuwa na chochote cha kutafuta, ndio huo huo unaotangaza uongo kwenye mitambo. Na hakuna namna ya kuukwepa kwa kwenda kutafuta pasipo na shisti, kwa kuwa pasipo na shisti hapana mbale.

Njia ya kupambana na tatizo hilo ni muda. Mkondo uliozushwa ndani ya kinywe hufifia upesi, wakati mkondo ndani ya bamba nene la salfaidi tupu huendelea kuzunguka kwa muda mrefu zaidi, hivyo mtafutaji huacha sehemu ya mwanzo ya rekodi na kutazama mkia wake. Hata hapo kuna mtego: kipitishi kilicho bora kupita kiasi hufifia polepole mno, kiasi kwamba vipokezi vya waya, ambavyo hupima kasi ya mabadiliko na si sumaku yenyewe, huona karibu hakuna kinachobadilika na kutoa jibu dhaifu. Kwa sababu hiyo utafutaji wa nikeli umehamia kwenye vipokezi vinavyopima sumaku moja kwa moja. Si kila kampuni iliyopita katika kanda hii ilikuwa na vifaa hivyo, na nadhani baadhi ya alama zilizopuuzwa zamani zinastahili kupimwa upya kabla ya kwenda kutafuta maeneo mapya.

Chombo kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote katika mabamba ya kina kirefu, kwa maoni yangu, ni kipimo cha sumakuumeme kinachoteremshwa ndani ya shimo lililochorongwa. Waya mkubwa hutandazwa juu ya ardhi na kupitishiwa umeme, kisha kipokezi chembamba hushushwa shimoni mita kwa mita. Shimo lililokosa salfaidi kwa makumi ya mita halihesabiki tena kuwa hasara, maana kipokezi hueleza kwamba kuna kipitishi upande wa kushoto au kulia, juu au chini, na takriban umbali wake. Kila shimo linakuwa jicho la shimo linalofuata. Hata hivyo shimo lenyewe lina tabia zake: katika kina cha mita mia kadhaa, mabomba ya kuchorongea hupinda kwa kufuata ugumu wa matabaka, na asiyepima mwelekeo wake mara kwa mara huweza kuchora bamba mahali ambapo halipo.

Mhimili wa mwamba unaotolewa na mashine yenye kichwa cha almasi hupangwa kwenye masanduku, hupigwa picha, huelezwa sentimita kwa sentimita, kisha hukatwa kwa msumeno nusu mbili. Nusu hutunzwa na nusu hupelekwa maabara, ikichanganywa na sampuli za siri: nyingine zenye kiwango kinachojulikana, nyingine zisizo na metali kabisa, nyingine za marudio, ili maabara ikikosea ijulikane. Salfa hupimwa pamoja na nikeli, kwani uwiano wa viwili hivyo ndio unaotenganisha nikeli ya salfaidi inayoweza kutolewa na ile ya olivini isiyofaa. Uzito wa kila kipande nao hupimwa, jambo ambalo wasomaji wa habari za madini hawalisikii kamwe. Salfaidi tupu ina uzito unaokaribia mara moja na nusu ya ule wa shisti kwa ujazo ule ule. Kutumia uzito wa wastani kwa miamba yote kungeharibu hesabu ya tani nzima.

Kutoka kwenye mashimo hayo hujengwa umbo la bamba katika kompyuta, na ndipo yanapotokea maneno mawili ambayo vyombo vya habari huyachanganya kila mara. Rasilimali ni kiasi kinachoaminika kuwapo ardhini, kikigawanywa kwa viwango vya uhakika kulingana na ukaribu wa mashimo. Akiba ni ile sehemu ya rasilimali ambayo, baada ya kuhesabu gharama za uchimbaji, upotevu, mwamba usio na thamani utakaochanganyika nayo, bei na masharti ya kisheria, imeonekana kuchimbika kwa faida. Upembuzi yakinifu uliotolewa Julai 2025 uliipa Kabanga akiba ya tani milioni 52.2 zenye wastani wa nikeli asilimia 1.98, shaba asilimia 0.27 na kobalti asilimia 0.15, ambayo ni sawa na tani milioni moja hivi za nikeli ndani ya mwamba. Tani zinazofika sokoni zitakuwa pungufu ya hapo, kwa kuwa nikeli kidogo imo ndani ya pirotaiti yenyewe na itatupwa pamoja nayo.

Wenye kulishika eneo wamebadilika sana, na orodha yao inaweza kutajwa kwa ufupi. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada ya Sutton Resources ilifanya kazi kwa ubia na BHP na baadaye Anglo American. 1999 Barrick iliinunua Sutton. 2005 Falconbridge ikaingia ubia na Barrick, ikanunuliwa na Xstrata mwaka uliofuata, nayo Xstrata ikaungana na Glencore 2013. Kwa miaka mingi eneo lilikaa chini ya leseni ya kuhodhi, utaratibu uliomruhusu mwenye ugunduzi kusubiri bei nzuri. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za Januari 2018 yalizifuta leseni za aina hiyo zote. Waliopoteza hawakukubali kimya kimya: kampuni ya Indiana Resources, iliyokuwa na nikeli ya Ntaka Hill huko Nachingwea, ilipeleka shauri kwenye usuluhishi wa kimataifa na 2023 ikapewa zaidi ya dola milioni 100, kabla ya pande mbili kuafikiana kwa dola milioni 90 mwaka 2024. Kabanga ilipewa wawekezaji wapya kwa makubaliano ya Januari 2021 yaliyounda Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa Oktoba mwaka huo. Siasa hizi zina uzito wake, ila jiolojia inatoa maelezo ya sehemu ya subira hiyo: mabamba yaliyojificha chini ya kina kirefu, yaliyotoka nje ya mpenyo na kuzungukwa na shisti inayopotosha vipimo, hayawezi kujulikana kwa miaka mitano.

Uchimbaji utakuwa wa chini ya ardhi, na mbale itasagwa na kutiwa povu ili pentilandaiti na kalkopiriti zielee na kutenganishwa na pirotaiti, na kupatikana makinikia, yaani unga wenye metali nyingi. Jinsi ya kuyasafisha ndipo salfa inapodai hesabu yake. Njia ya zamani ni tanuri, ambamo salfa huungua na kuwa gesi ya dioksaidi, ambayo isiponaswa huleta mvua ya tindikali. Norilsk ilisifika kwa ubaya wa jambo hilo kwa miongo mingi. Mpango uliotangazwa kwa Kabanga ni wa kiwanda cha Kahama, mahali palipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambako makinikia yatayeyushwa kwa maji, oksijeni na shinikizo badala ya moto. Ni njia yenye mantiki kwa nchi ambayo tangu sakata la makinikia la 2017 imeapa kusafisha madini yake nyumbani, lakini inahitaji umeme, oksijeni na maji ya uhakika kwa kiasi ambacho tanuri halihitaji, na upembuzi wa 2025 ulijikita katika mgodi na mtambo wa makinikia, kiwanda cha Kahama kikiachwa kuwa hatua ya baadaye.

Pirotaiti iliyotenganishwa haiendi Kahama. Inabaki Ngara, pamoja na vifusi vya shisti vitakavyotolewa ili kufikia mbale, navyo pia vina salfaidi. Pirotaiti ikikutana na hewa na maji huoza upesi kuliko piriti, salfaidi nyingine ya chuma, ikitoa tindikali na kuachilia nikeli na metali nyingine kwenye maji, na ikirundikwa kavu inaweza kujipasha joto yenyewe hadi kutoa moshi. Kinga zinazojulikana ni kuyaweka mabaki chini ya maji ili oksijeni isiyafikie, kuyachanganya na saruji na kuyarudisha katika mapango yaliyochimbwa, na kutenga tangu mwanzo vifusi vyenye salfaidi na visivyo nayo. Ngara hupata mvua misimu miwili, na maji yake hutiririka kwenye Ruvubu na Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria, kwa hiyo kosa la usimamizi halitaishia wilayani. Mfano wa karibu uko Uganda: mgodi wa shaba na kobalti wa Kilembe ulisimama miongo kadhaa iliyopita, ukaacha marundo ya piriti huko Kasese yaliyoendelea kutiririsha tindikali na metali kuelekea Ziwa George, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 kilipoanza kazi kiwanda cha kuyasafisha kwa bakteria na kuvuna kobalti iliyokuwa imebaki ndani yake. Marundo ya Kilembe angalau yalikuwa na kobalti ya kulipia usafi wake, wakati pirotaiti ya Kabanga, ikishatolewa pentilandaiti, haitakuwa na mnunuzi.